Maji ya Kisima Chenu

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mjukuu wako kang'oka jino, na mkweo bado anakoroma kama mashine ya kusaga. Barua hii nimempa dereva wa basi la huko kwenu kwa kuwa simu yako haipatikani.

Shangazi, msinywe tena maji ya kisima, hata yakichemshwa. Yale tuliyochota mtaani kwenu tumeyapima kwenye maabara ya chuo ninakofanya kazi. Yana madini ya risasi, yanayodumaza ubongo wa mtoto.

Nilimwomba profesa wetu tuwatangazie. Akasema, "Tusubiri makala yetu ichapishwe kwanza." Mwanasheria wa chuo akadakia, "Kiwanda cha betri cha kule kitatushtaki tukisema sumu ni yao." Nikauliza, "Na wanaoyanywa leo?" Profesa akafunga kikao. Nimechoka, Shangazi! Kila siku naambiwa subira yavuta heri. Heri ya nani?

Yule jirani yako mjamzito mpe maji ya mvua leo hii. Jumamosi nakuja, wakusanye majirani uani kwako, niwaeleze kwa mdomo wangu. Wakinifukuza kazi, nitandikie chumba cha nyuma.

Mwanao mkaidi