Salfa Iliyoingia Kwenye Kompyuta Yako

Nanganga, Masasi
15 Septemba 2024

Mpendwa Mjomba Reginald,

Shikamoo mjomba. Habari za Mbeya, na lile goti linalokusumbua wakati wa baridi? Mama Nancy hajambo? Sisi huku wazima. Furaha sasa ameota magego, anauma kila kitu, hata kidole cha baba yake.

Mjomba, nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu nisingeweza kukueleza yote. Pasaka uliponiuliza habari za kompyuta yako ya kizamani, ile inayochomekwa kwenye televisheni, nilikujibu ipo chumbani kwangu na inawaka vizuri. Nilikudanganya. Juni ya mwaka jana niliihamishia stoo ili kitanda cha mtoto kipate nafasi, na stoo ndiko tunakoweka mifuko ya salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho. Sikuwaza kabisa. Si tunaipulizia miti, na majani hayafi?

Baada ya simu yako nikaenda kuifungua. Vumbi la njano limeingia hadi ndani, na shaba yote imekuwa nyeusi kama sufuria la kuni. Nikakaa chini. Kompyuta hiyo ndiyo uliyonifundishia kuandika jina langu kabla sijapata hata daftari.

Nikaifunga kwenye khanga nikaipeleka Mkomaindo, kwa Ashiru anayetengeneza redio. Akaitazama, akasema, “Mama Furaha, hii nayo umeipulizia dawa ili izae korosho?” Waliokaa pale wakacheka, mimi natazama miguu yangu. Hakutaka kuigusa. Alikubali tu niende kila Jumanne nijifunze kulehemu kwenye redio mbovu.

Inataka subira mjomba. Unapasha moto kiungo kwanza, ndipo waya wa risasi, ule wa kulehemia, uguse, uyeyuke, ung'ae. Mimi nilikuwa napasha risasi yenyewe, inadondoka kama uji, nikaungua vidole viwili. Nilipoanza ya kwako, baada ya kuisugua kwa mswaki na spiriti, nilikawiza chuma cha moto mahali pamoja nikang'oa njia nzima ya shaba inayopitisha umeme. Siku hiyo nililia, sikumwambia hata baba Furaha, Christopher. Baadaye Ashiru akanionyesha kuunganisha palipong'oka kwa kipande cha waya.

Wiki iliyopita iliwaka. Niliichomeka kwenye televisheni. Nikaandika jina lako, likatoka EGINALD. Herufi R haiitiki. Sasa Ashiru anataka nimpelekee aimalizie, nimemkatalia. Desemba ukija, chuma utashika wewe, waya nitashika mimi.

Ila naomba usinisamehe kwa simu, mjomba. Njoo uione kwanza.

Msalimie sana Mama Nancy, na Nancy, na mdogo wake Yeremia. Mama anakupa pole ya goti. Mungu akufungulie njia, ufike kwetu salama.

Mpwa wako akupendaye, ingawa alikudanganya,

Agatha (Mama Furaha)