Kodi Nimeiweka, Njia Ndiyo Naiogopa

Kitendaguro, Bukoba
6 Oktoba 1937, mwezi wa saba tangu niondoke Buganguzi

Mpendwa mke wangu, Mama Kokugonza,

Salamu zako nimezipata. Unasema mkungu, mkuu wetu wa kijiji, amekwisha kupita kuuliza kodi yangu ya kichwa, na yule mnunuzi wa butura, anayenunua mavuno kabla hayajaiva, anataka kuichukua kahawa yetu ingali maua. Tangu nisikie hivyo silali vizuri.

Unakumbuka mwaka tuliooana, nilipokosa kodi, ukanifunika kwa majani ndani ya shimo la kuivishia ndizi? Joto lilitaka kuniua. Mkungu alikaa pale pale juu akakwambia, "Nionjeshe hizo ndizi." Ukamjibu, "Ukizifunua leo, baba, pombe yake hutainywa hata wewe." Akacheka, akaenda zake. Uliponitoa ulicheka, kisha ukalia, ukasema, "Usinitie tena katika jambo hili."

Ndiyo maana safari hii nilijipanga. Walioajiriwa madukani, tajiri wao huwawekea ya kodi. Mimi na mwenzangu Petro tunapasua mbao kwa yeyote anayetuita. Wiki hii tuna kazi, wiki ijayo tunakaa tu. Basi kila nikilipwa natenga ya kodi kabla sijanunua hata chumvi. Petro, akiwa chini ya gogo na unga wa mbao kichwani, hunidhihaki: "Unamlisha Mfalme kwanza, wewe utakula nini?" Namwambia avute msumeno.

Sasa imetimia. Nilikwenda bomani kulipa, karani akasema nikalipe kwetu, ambako nyumba yangu imeandikwa. Kwa hiyo lazima nitembee na fedha bila cheti cha kodi, na matarishi wa boma wako njiani wanasimamisha kila mwanamume. Petro walimkamata hivyo hivyo mwaka jana. Aliwaambia anakwenda kulipa. Wakamjibu, "Hata wale wa jana walikuwa wanakwenda kulipa." Alichimba barabara mpaka msimu wa kahawa ukaisha, na fedha zake hakuziona tena.

Mama Koku, naogopa. Msumeno umenimaliza mgongo, sina nguvu ya kubeba mawe ya serikali. Mtu akikohoa nyuma yangu njiani, nageuka.

Hata hivyo, usiuze maua. Tukiyauza sasa kwa bei ya mwenye njaa, mavuno yote yatakuwa yake, na sisi tutabaki kumpalilia. Mwambie mnunuzi kwamba mwenye kahawa yuko njiani.

Jumamosi tunamaliza mbao za mwisho. Jumatatu alfajiri nitaondoka, nitapita ndani ya migomba ya watu, barabara nitaiacha. Nitazamie Jumatano jioni. Alhamisi ikipita hujaniona, mwite yule mnunuzi, umwuzie, ulipe kodi, kisha uchukue cheti uje unitafute penye wachimba barabara.

Mumeo,
Baba Kokugonza