Fundi Saa Alisemaje

Jumatatu, 4 Machi

Dada,

Nakuandikia kama tulivyokuwa tunaongea, wewe ukimenya vitunguu na mimi nimekaa tu.

Wageni wameondoka wote. Nimebaki na binti yako, naye leo amerudi kazini. Nimekunja nguo zako mpaka mchana. Lile gauni la kijani bado lina pini begani — lilikwama mlangoni likachanika, ukasema utalishona kesho.

Kuna jambo halinipi raha. Pale hospitali, siku ya mwisho, ulinishika kidole ukasema: utaniambia Fundi Saa kasemaje. Nikaitikia. Sikuuliza ni nani, kwa sababu nilishamzoea kwa maneno yako. Kila ukipiga simu: Fundi Saa ana kikohozi. Fundi Saa kagombana na binti yake. Fundi Saa keshachoka kulala peke yake. Hapo nilitabasamu upande wangu wa simu. Nikajisemea, dada kapata mtu, baada ya ujane wote huu, ila ananiambia kwa kuzungukazunguka.

Mazishini nilimtafuta. Kila mzee aliyevaa saa nilimkodolea macho. Kama alikuja, hakujitambulisha. Kesho nakwenda kumuuliza.

Jumanne, 5 Machi

Nimempata fundi saa. Ana kibanda cha vioo kwenye kona, baada ya duka la dawa. Mtu mnene, mpole, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Nilimwambia mimi ni mdogo wako. Akanipa pole, akasema alikuwa anakubadilishia betri ya saa. Nikasubiri aendelee. Akainamia saa yake. Basi nikamsaidia: dada ameniachia kazi ya kukuuliza ulisemaje.

— Nilisemaje kuhusu nini, mama?

— Kuhusu jambo lenu.

Akakitoa kile kioo jichoni.

— Mama, mimi nina mke, na mke wangu ana masikio. Sema polepole.

Nikamtajia kikohozi, binti, kulala peke yake. Akacheka mpaka saa za ukutani zikatikisika. Kisha akauona uso wangu, akaacha. Huyo unayemtafuta hana kibanda, akasema. Ni wa redioni, kwenye mchezo wa kuigiza. Mtaani wananitania kila siku kwa ajili yake, wananiuliza kama kikohozi kimepona.

Nikamuuliza mchezo wenyewe ni saa ngapi. Hajui.

— Nitengeneze saa kutwa nzima, halafu nikakae kumsikiliza mtu anayetengeneza saa?

Nimerudi na aibu yangu. Lakini njiani nimecheka peke yangu, mara ya kwanza tangu uende. Ningekuhadithia ungeshika mbavu.

Binti yako naye hajui saa. Kila alipotoka kazini alikuta redio imezimwa na chakula kiko mezani. Anadhani ni katikati ya wiki, mchana.

Jumatano, 6 Machi

Nimewasha redio kabla ya chai. Iko palepale juu ya friji. Kwenye kitufe cha kutafutia stesheni umebandika plasta ya kidonda, mtu asiguse. Kuna waya unatoka kwenye antena, unapita dirishani, unaishia kwenye kamba ya chuma ya kuanikia nguo. Nikauacha hivyohivyo.

Sikujua kama kuna watu wanaongea hivi tangu asubuhi! Habari kwanza, na hali ya hewa. Halafu mfugaji akaeleza habari za kuku wanaokula mayai yao wenyewe. Unawawekea yai la mbao. Wakilidonoa mdomo unawauma, wanaacha. Ndiyo maana siku ile ulimweleza jirani juu ya yai la mbao mpaka chai ikapoa, na hapa hakuna anayefuga.

Akaja daktari, mada ni miguu kuvimba. Akasema uiinue juu ya mto. Nikaukumbuka ule mto uliokuwa mwisho wa kochi lako, ambao siku zote nilidhani umekosewa mahali. Nikaurudisha — nilikuwa nimeuondoa.

Bungeni, mbunge aliomba mwongozo wa spika, akapewa, akaomba mwingine. Nikaosha vyombo. Halafu mwalimu wa lugha. Anasema neno meza limetoka kwa Wareno. Nikaigusa meza. Hivi ulinunua ukiwa unajua?

Kisha matangazo ya vifo. Majina yanasomwa taratibu, na ndugu wa marehemu popote walipo. Lako lilisomwa wiki iliyopita na sikulisikia. Nilisimama mpaka yakaisha, ingawa simjui hata mmoja.

Baada ya hapo mikono ikataka kazi. Nikafua mashuka yako na blanketi, nikaanika, nikarudi jikoni.

Saa nyingi zikagonga kwa pamoja, moja ikichelewa. Nikajua ndiye. Sauti ya mzee, na kile kikohozi.

Binti yake anamuuliza: baba, mama alituacha miaka yote ile, juzi kabisha hodi anataka kurudi. Majirani wanasema ulimjibu. Mimi sikuwepo. Ulimjibu nini?

Kumbe swali lenyewe ni hilo. Na jibu lilitoka Jumatano iliyopita, siku tuliyokuzika. Redio ilikuwa imezimwa kwa ajili ya msiba. Hakuna wa nyumba hii aliyelisikia.

Mzee akakohoa. Nilimwambia hivi, akasema —

Shhhhhh.

Blanketi, dada. Upepo umelisukuma, kamba imelala juu ya lango la chuma, mawimbi yamepotea. Nikatoka mbio bila viatu, nikavuta vyote nikavitupa chini. Sasa naelewa kwa nini hukuwa unafua siku za mchezo. Niliporudi, binti yake anasema: basi, baba, hakuna atakayekulaumu. Halafu vikombe vikawekwa mezani. Viwili? Vitatu? Redioni huoni. Muziki.

Nimefua tena.

Alhamisi, 7 Machi

Jirani alisikia lile jibu la wiki iliyopita, lakini alikuwa anakaanga. Anakumbuka lilikuwa zuri. Zuri vipi? Zuri tu. Binti yako anasema: mama mdogo, si upige simu stesheni, namba wanaitangaza kila mara.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepiga. Naandika simu ikiwa imebanwa begani.

Alipokea kijana. Uko hewani, mama, unatupigia kutoka wapi? Nikasema kutoka kwa dada yangu. Akacheka kwa adabu. Mada ya leo ni taka mitaani, mama ana maoni gani? Nikasema taka ni mbaya, lakini Fundi Saa alisemaje?

Akasema: Usikate, mama.

Akaja mwanamke, hapo sikuwa hewani tena. Nikamweleza lile swali tu, habari zako sikumwambia. Akasema nina bahati, leo wanarekodi mchezo, mzee yuko kantini. Atamwita.

Basi nasubiri. Nafikiria vile vikombe. Nataka viwe vitatu. Lakini sitaki kukubunia, nataka kukuletea maneno yenyewe kama alivyoyasema.

Kuna viatu vinakuja. Kikohozi — kumbe ni chake kweli.

Amesema: Fundi Saa hapa, naongea na nani? Na mimi swali lote limenitoka kichwani. Nimemwambia: dada yangu amefariki. Alikuwa anakuulizia.

Sasa anasema, ngoja, mama, ngoja nivute kiti.

Nasikia kiti kinavutwa. Kalamu iko tayari, dada. Na wewe huko uliko, unikumbuke.