Mishmish Nyumbani kwa Mzazi

Tanta, 19 Aprili

Khala yangu Ikhlas,

Salamu zikufikie hapo Iskandaria ukiwa umeketi roshanini, kifua kimefunguka na kikohozi kimekuhurumia. Sisi wazima, tena wazima kupita kiasi. Mume wangu Hazim akitoka kazini hupiga mluzi akiwa bado chini ya ngazi, na mimi huacha sufuria ichemke peke yake nikimbilie mlango. Mama yake anasema nyumba hii itaungua siku moja kwa sababu ya mluzi. Na iungue, Khala. Sikujua mtu anaweza kupendwa mpaka hata kukunja mashati kukawa raha.

Sungura wako Mishmish amefika salama. Sabri, mchukuzi wako, alimshusha kwenye treni ndani ya boksi lake kama mgeni wa heshima. Ni mzuri, rangi ile ya aprikoti iliyoiva, na mguu wake mbovu anauburuta kwa madaha. Ila ameshautafuna waya wa friji ya harusi yangu. Hazim akacheka, akasema, "Kumbe umeniletea fundi umeme mwenzangu." Akauunga.

Kukaa naye moja kwa moja siwezi, kwa sababu Hazim hupiga chafya usiku kucha na kunificha eti ni vumbi. Lakini usijali, makao mema nitamtafutia.

Binti wa dada yako,
Yumna

---

Iskandaria, 23 Aprili

Mwanangu Yumna,

Nimeisoma barua yako nikatabasamu, kisha nikakohoa. Mungu akudumishieni mluzi huo. Mimi sijambo ya mgonjwa. Daktari amesema manyoya yatanimaliza, kwa hiyo nawatoa wanangu mmoja mmoja, na mwaka huu watu wametupa wengi. Wanawanunulia watoto sungura siku ya Shamu Nasimu, sikukuu ya machipuko, wanapiga picha bustanini, wiki ya pili wanawaacha chini ya kiti cha bustani wakijiambia watakula majani. Mishmish nilimkuta kabla ya hapo, wakati wa baridi, kituo cha basi, mguu umevunjika na mvua inamnyeshea. Miezi mitatu nilimlisha kwa mkono.

Sikiliza. Usimpe mtu aliye na haraka. Usimpe mtu bila kumwambia kwa kinywa chako kwamba huyu si wa kuliwa. Utaona haya kulisema, lakini liseme. Sisi ndio watu wa mlukhiya, mlenda wetu, kwa supu ya sungura, tusijifanye hatujijui. Na mama mkwe wako anafuga wa kuuza nyama huko juu ya paa. Mishmish asipandishwe kule hata kwa saa moja.

Kati ya wote niliowatoa, huyu ndiye ninayemuuliza Mungu habari zake.

Khala yako,
Ikhlas

---

Tanta, 27 Aprili

Khala wa moyo wangu,

Umeamkaje na kifua? Leo soma barua hii ukiwa umekaa, maana ni furaha tupu.

Mishmish amepata kwao. Jirani yetu Shadya amejifungua mtoto wa kiume, na nilipokwenda kumpa hongera nilimchukua Mishmish mkononi, nimemfunga utepe wa buluu. Binti yao mkubwa, Farida, alimkumbatia papo hapo akakataa kumwachia. Nikasema, "Chukueni, huyu ni wenu, nimemleta kwa ajili ya Shadya na watoto." Basi nyumba nzima ilifurahi. Mama yake Shadya, Hajja Tahani, alinibusu mashavu yote mawili. Akamchukua Mishmish, akampapasa mgongo, akamwinua kidogo kama anayempima, akasema, "Mashallah, amejaa. Mungu akulipe, binti yangu, hakuna aliyemkumbuka mzazi kama wewe."

Lile neno lako sikulisema. Ningelisemaje mbele ya wageni, watu wananibusu? Na kwa mapenzi yale hakukuwa na haja. Nilirudi nyumbani nikamsimulia Hazim, akanikazia macho kidogo, kisha akaniambia mimi ni malaika. Nadhani alitaka kusema kitu kingine.

Wako,
Yumna

---

Iskandaria, 28 Aprili

Yumna,

Salamu utazipata baadaye. Sabri anangoja mlangoni, treni inaondoka.

Mtu akimpelekea mzazi njiwa au sungura, anapeleka supu. Unalijua hilo tangu unanyonya. Mapenzi yamekupofusha. Hajja hakumpapasa mgongo kwa kumpenda.

Barua hii ukiipata, usivue hata kanga ya jikoni. Nenda.

Ikhlas

---

Tanta, 4 Mei

Khala yangu,

Natumai umeweza kulala. Naandika pole pole, kwa sababu sijui utanionaje ukimaliza.

Nilikwenda na kanga ya jikoni. Mishmish alikuwa hai, amefungwa mguu ule mzima chini ya sinki. Farida alikuwa amepelekwa kwa shangazi yake ili asione. Hajja alikuwa anakatakata vitunguu.

Nikasema, "Hajja, nimekuja kumchukua sungura. Nimekosea."

"Umekosea nyumba?"

"Nilimleta afugwe."

Akaweka kisu chini. "Binti yangu, Shadya amepoteza damu nyingi. Mume wake yuko safarini. Nyama tuliyonayo humu ndani ni hiyo uliyoileta wewe. Na zawadi ya mzazi hairudi. Ukiichukua, maziwa yake yatakatika. Yakikatika nikuletee mtoto umnyonyeshe wewe, bibi harusi?"

Kutoka chumbani Shadya akaita kwa sauti iliyochoka, "Mwache amchukue, mama." Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Nikamwambia Hajja anisubiri, nikapanda kwa mama mkwe. Nikamwomba sungura mmoja.

"Wa nini?"

Nikamweleza. Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Kwa hiyo wako ana roho, wangu ni mboga?"

Akanipa ufunguo wa kizimba. "Panda mwenyewe uchague. Mimi sichagui kwa niaba ya mtu."

Khala, walikuwa wengi, wa kijivu karibu wote. Mmoja alinijia kwenye wavu akidhani nimeleta majani. Nikamchukua huyo, kwa sababu ndiye aliyekuwa rahisi kushika. Moyo wake ulikuwa unapiga kama wa Mishmish. Nilimshusha mpaka kwa Hajja, nikampa, nikamfungua wako.

Siku ya sherehe ya saba ya mtoto, baada ya kinu kupigwa karibu na masikio yake na mishumaa kuzungushwa, Hajja alituletea sahani nyumbani kwetu. Mlukhiya, na paja juu yake. Alitutengea sisi wa kwanza, kwa shukrani. Hazim aliniangalia, mpenzi wangu, akaninong'oneza, "Nitasema tumbo linaniuma, tumbo letu sote wawili." Lakini Hajja alikuwa amesimama pale, na Shadya alikuwa dirishani kwake ng'ambo na mtoto mikononi akitutazama. Nilikula. Nilimaliza. Mishmish alikuwa chumba cha pili anatafuna mguu wa kabati.

Yuko kwangu sasa. Hazim anapiga chafya na haniambii kitu. Tunapendana bado, ila juzi alipopiga mluzi nilikuwa nimekaa tu, nikasahau kumfungulia.

Niambie kama mimi ni mtu wa kukabidhiwa kiumbe. Sema ukweli, nitauvumilia.

Binti wa dada yako,
Yumna

---

Tanta, 21 Mei

Khala,

Umekaa kimya mpaka nikaanza kumuuliza kila mtu anayetoka Iskandaria kama kifua chako kimekuzidi.

Leo Sabri amekuja na boksi. Nimetoa majani yote, nimepekua mpaka chini, barua hakuna. Kuna sungura wawili, mweusi na mwenye madoa, wamebanana pembeni.

Nikamwambia Sabri, "Hakuandika kitu?"

"Nami nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema, wewe peleka boksi."

"Mgonjwa?"

"Anakohoa. Lakini alilifunga boksi mwenyewe, na amenigombeza kwa kulishika upande."

Nikakaa sakafuni nikalia kidogo. Mama mkwe akaingia, akanyoosha shingo, akawatazama muda mrefu, mmoja kisha mwingine, kama mtu anayejizuia asiwapime uzito.

"Hawa wana majina?" akauliza.

"Bado, mama."

"Basi wape leo," akasema. "Usingoje kesho."

Wako,
Yumna