Jodari Wamerudi Redioni

Mdogo wangu mpendwa Asajile,

Ugonile? Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, huko pwani kwenye joto lenu. Sisi hapa Ikuti tupo kwa neema yake. Mvua haikatiki, chai tunachuma tumejifunika nailoni. Mama ametoka hospitali pale Makandana, miguu imepungua kuvimba. Linalotunyima raha ni moja tu: tangu kile kikao chenu cha samaki, simu yako haipatikani.

Juzi nilikuwa namenya ndizi, redio ikasema jodari wamerudi baharini, wataalamu wamewapima, na huenda meli zikaruhusiwa kuvua kama zamani. Mama akaongeza sauti. Kwake yeye mtaalamu wa samaki ni wewe peke yako, basi alifurahi sana. Mimi kisu kilisimama mkononi.

Nilikumbuka likizo yako ya mwisho. Ulikaa hapa hapa barazani, ukatuonyesha kwa mkungu wa ndizi jinsi mnavyompima jodari, toka mdomoni hadi pale mkia unapogawanyika. Ukasema mnamtoa kijiwe cha sikioni ili mjue umri wake. Mama akakuuliza, "Kumbe ana sikio, na bado anaingia kwenye wavu?" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mama alipoingia ndani, uso wako ukabadilika. Ukanieleza kwamba jodari hao walivuliwa karibu waishe, ndiyo maana meli zikawekewa kiwango. Sasa meli zinajaa tena, na wenye meli wanasema inatosha, fungueni. Lakini wale unaowapima wewe karibu wote ni wachanga, hawajataga hata mara moja. Tena wanakusanyika chini ya maboya ambayo meli zenyewe zimeyaachia majini, ndiyo maana wanaonekana wengi. Wakiachwa miaka michache watazaa, bahari itajaa kweli. Wakivutwa sasa, hakuna wa kuzaa. Ukasema mkubwa wako amekwisha kukuomba uyatazame upya majibu yako, na amekukumbusha kwamba mkataba wako unakaribia kuisha.

Nikakuuliza, sasa kwenye kikao utasema nini? Ukaniuliza na wewe kama nalikumbuka dimbwi la Baba.

Nitalisahau vipi? Kiangazi kile mto wetu ulipungua mpaka likabaki dimbwi moja chini ya migomba, na samaki wamebanana humo kama mboga kwenye chungu. Kila mtu akasema mwaka huu samaki wamezaana. Baba alishangilia kuliko wote. Tuliingia na vikapu, sisi na majirani, tukachota mpaka tope. Tulikula tukashiba, wengine tukawakausha kwa moshi, na Baba akaomba sala ndefu ya shukrani. Mvua zilipokuja mto ukajaa maji matupu. Baba akasema wamehamia juu, watashuka. Wewe ukaufuata mto mpaka msituni, ukarudi umelowa, ukasimama mlangoni unatetemeka.

"Baba," ukamwambia, "walikuwa wote pale."

Baba aliinuka, akakupa kigoda chake karibu na moto.

Sasa Jumapili baada ya ibada watu walinishika mkono kunipongeza, eti mdogo wangu amerudisha samaki. Yule mama muuza samaki wa sokoni Tukuyu, anayekuita mume wake, akanitania kwamba mahari yake utailipa kwa jodari. Nikaitikia ndaga, ndaga, asanteni, nikaondoka haraka. Maana kama ulisema walivyotaka, sijui yule aliyesimama mlangoni amekwenda wapi. Na kama ulikataa, huenda sasa hivi huna kazi, na uko huko peke yako unaogopa kutuambia. Kila nikipiga magoti sijui nianze na lipi. Sikufichi, dawa za Mama tunazipata kwa mkono wako, na kuna asubuhi nimejikuta naomba uwe umenyamaza tu. Halafu naona aibu mbele za Mungu.

Jana nilishindwa kubeba, nikamweleza Mama yote, kuanzia wale wachanga mpaka mkataba. Alizima redio. Akainamisha kichwa, anasugua magoti yake. Nikadhani ameanza kulia. Kumbe alikuwa anasikiliza mvua.

"Mwandikie," akasema, "mwambie chumba chake hakivuji."

Basi nimekuandikia. Nimekifagia, na nimetandika blanketi zito, maana umezoea joto. Tafadhali, Asajile, nijibu upesi. Niambie ulisema nini kwenye kikao, hata kwa maneno mawili.

Mungu akushike.

Mimi dada yako,
Tusekile