Chebet alikataa maji

Judy, ni mimi Sellah. Ng'ombe wa baba amekufa. Chebet mwenyewe. Niko huku Myanga na mzee amekaa kando ya lile pipa la maji, hataki kuinuka.

Si unajua alienda Kitale kufundishwa usafi wa maji ya ng'ombe. Akarudi, akasugua pipa na sabuni ya unga mpaka likang'aa, akalijaza. Hakulisuuza, Judy. Hakulisuuza. Alifikiri ile harufu ya sabuni ndiyo usafi.

Chebet akafika, akanusa, akarudi nyuma. Mzee akasema ati amezoea matope ya mtoni, akamfunga hapo hapo. "Akisikia kiu atakunywa."

Siku tatu, na hili jua. Kila mara mzee akipita, Chebet anamwangalia, analia. Mzee anamwambia, "Maji si hayo hapo, kunywa."

Leo asubuhi tumemkuta amelala, ndama bado tumboni.

Daktari wa mifugo akachota maji na kikombe, akanusa, akampa mzee. Mzee akaonja, akatema.

Bado ameshika hicho kikombe. Anasema tu, "Sellah, siku tatu alikuwa ananiambia."