Mgomba Wako Umepata Mpaka Petta

Dada Nafula,

Mnaendeleaje na joto la Busia? Huku Petta mvua inanyesha kila alasiri. Ule mgomba wako wa urembo wa majani mekundu, niliouleta mwaka jana, umeshanipita urefu mbele ya nyumba ya binti yangu. Lakini nilikuta umebaki na majani mawili! Mama mkwe wake alikuwa ameyakata mengine kufunikia matoke.

"Mgomba gani hii haizai ndizi?" akaniuliza. "Si ni ya majani tu?"

Kweli mimi ni mgeni, na mkwe huwezi kumgombeza nyumbani kwake. Lakini sikuupakata mche ule njia nzima uje kuwa kifuniko cha sufuria. Kesho yake asubuhi nikakata vijiti vya mmea wa mpaka wa shamba, ule ambao hata kwetu hakuna anayethubutu kuung'oa, nikavichomeka kuuzunguka mgomba. Mama mkwe akasimama, mkono kiunoni.

"Mama, unagawa shamba yetu?"

"Hapana, mama. Naugawia mgomba peke yake."

Hakucheka. Niliogopa, lakini sikuondoa kijiti hata kimoja.

Leo jirani kaja na kisu kutafuta majani ya kupikia. Kabla sijainuka, mama mkwe alikuwa keshafika.

"Hapo hapana! Iko na mwenyewe. Nenda nyuma."

Nimekukumbuka, dada. Wabusu watoto, kisha uniandalie mche mwingine. Mama mkwe anautaka mlangoni kwake.

Nekesa